Kijito Kilichonyamaza

Guka alikuwa na kipimo kimoja tu cha kalvati. Alishuka nami hadi kwenye tuta la reli lililopita kando ya shamba letu, kati ya Karatina na Kiganjo, akaniambia niiname pale mdomoni pa kalvati nichungulie. "Waona nini?" Nikisema naona mbuzi waliofungwa upande wa pili, aliitikia kwa kichwa na tukarudi nyumbani kunywa chai. Nikisema naona giza, tulijua kazi ya siku hiyo imepatikana.

Guka ni babu, ndivyo tunavyowaita kwetu Nyeri. Huyu wangu alikuwa mtu wa gengi, mmoja wa wale wanaume waliotembea reli kwa miguu, kila kundi na kipande chake, wakikaza bolti, wakibadilisha mataruma yaliyooza, wakirudisha kokoto zilizotawanyika na kuzibua mitaro. Alistaafu kabla sijazaliwa, lakini Februari ikifika nyayo zilimwasha. Masika ya Machi hadi Mei yanaitwa na wazee wa Mlima Kenya mvua ya njahi, kwa jina la yale maharagwe meusi wanayopikiwa wanawake waliojifungua. Guka alisema mvua ya njahi ikishaanza hakuna linalotengenezeka tena. Reli hutengenezwa wakati vumbi bado linaruka barabarani.

Kisha akavunjika nyonga, na Februari moja hakuna aliyeshuka.

Kusema kweli, alikuwepo wa kushuka. Baba mdogo alikuwa na nguvu zake na mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Lakini treni zilikuwa zimekwisha kuadimika, vichaka vimefunika reli, na sisi tulishaanza kulichukua tuta lile kama kilima tu cha Mungu. Baba mdogo aliona jambo lingine kabisa. Pale upande wa juu wa tuta, kijito kilipokaribia kalvati, palikuwa na tope zuri jeusi lisilokauka hata Januari. Akapanda nduma. Mwaka wa kwanza zilimea vizuri akauza Karatina. Mwaka wa pili akaongeza magunia mawili ya udongo mbele ya mdomo wa kalvati ili maji yatulie kidogo na nduma zinenepe. Majirani nao wakipalilia walitupa magugu palepale. Mabua ya mahindi yakafuata, na karatasi za plastiki, na tawi la mkaratusi lililoanguka likalala juu ya vyote hivyo kama kifuniko.

Hakuna hata mmoja wetu aliyekuwa na nia mbaya. Nalisema hili mapema kwa sababu watu wakisikia habari za tuta kupasuka humtafuta mwovu, na mara nyingi hamkuti. Humkuta mtu aliyekuwa akitafutia watoto karo.

Usiku mmoja wa Aprili mvua ilianza saa kumi jioni na haikupumua. Nililala nyumbani kwa Guka, kama wajukuu wavulana walivyofanya, na nyumba yake ilikuwa upande wa chini wa reli pamoja na nyumba nyingine nne, zote kando ya kijito. Mabati yalipiga kelele hata tukashindwa kuzungumza. Usiku wa manane mvua ikapungua kidogo, na hapo ndipo niliposhtuka kuona Guka ameketi kitandani gizani, amegeuza sikio dirishani.

"Kijito kimenyamaza," akasema.

Baba mdogo akamwomba alale. "Baba, ni mvua tu."

"Mvua inanyesha tangu alasiri na kijito kimenyamaza. Hayo maji yameenda wapi?"

Nimelibeba swali hilo mpaka leo. Maji yanaponguruma, unajua yalipo. Yanaponyamaza katikati ya mvua, mahali fulani juu yako kuna kitu kimeyashika, na kitu hicho hakikujengwa kushika maji. Baba mdogo alitoka na tochi. Aliporudi midomo ilikuwa imemkauka. Upande wa juu wa tuta palikuwa na ziwa. Nduma hazikuonekana. Na upande wetu wa chini, kwenye kisigino cha tuta, maji yalikuwa yanatoka ardhini kama jasho, mekundu, yamebeba udongo.

Alishika jembe akitaka kukimbia kwenda kuzibua. Guka alimkatalia kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake. Akasema maji yakitoka safi tuta linavuja, lakini yakitoka mekundu tuta linaliwa kutoka tumboni, na mtu haendi kusimama mbele ya tumbo hilo na jembe. Tukaenda kugonga milango. Nyumba nne, watu kama ishirini hivi, wazee wamebebwa mgongoni, mtoto mchanga ndani ya beseni lililofunikwa kwa shuka, tukapanda hadi kanisani kwenye mgongo wa kilima. Guka tulimbeba kwenye kiti.

Kulipopambazuka tuta lilikuwa limefunguka kwa upana wa kama mikokoteni miwili. Vyuma vya reli vilibaki hewani, mataruma yakining'inia chini yake kama nguo kwenye kamba. Jiko la jirani lilikuwa limekwenda, na banda la kuku, na ng'ombe mmoja wa maziwa aliyesahaulika katika pilikapilika. Mtu hakufa hata mmoja. Baba mdogo alisimama ukingoni akitazama ufa ule, na alikaa siku nyingi bila kusema neno mbele ya baba yake.

Kwa muda mrefu nilikihesabu kisa hiki kuwa cha ukoo wetu tu. Halafu ikaja Aprili 2024.

Mvua za masika mwaka ule zilipiga karibu Kenya yote. Jumatatu tarehe 29, kabla ya alfajiri, maji yenye matope, mawe na miti yalishuka kutoka Old Kijabe yakakifagia kijiji cha Kamuchiri na sehemu nyingine za Mai Mahiu. Waliokufa walizidi 50, na wengine hawakupatikana. Habari za kwanza zilisema bwawa limepasuka. Baadaye maafisa wa maji wakaeleza kwamba halikuwa bwawa. Njia ya maji iliyopita chini ya reli ya zamani ilikuwa imezibwa na takataka na udongo, maji yakajikusanya nyuma ya tuta mpaka tuta likashindwa. Niliposoma maelezo hayo niliweka gazeti chini. Nilisikia sauti ya Guka kana kwamba yuko chumbani. Kamuchiri walikuwa wamelala usingizi, kama tulivyokuwa sisi, na kilichotutenganisha nao ni sikio la mzee mmoja mwenye nyonga mbovu.

Inafaa kila anayeishi kando ya reli aelewe kwa nini tuta humsaliti mtu namna hii. Bwawa la kweli la udongo kwa kawaida hujengwa likiwa na kiini cha udongo mfinyanzi ulioshindiliwa usiopitisha maji, na lazima liwe na mlango wa kumwagia maji ya ziada. Tuta la reli ni udongo uliochimbwa mahali pa karibu ukarundikwa ili treni isishuke bondeni. Halina kiini, halina mlango. Mlango wake pekee ni kalvati. Ukiuziba, umeligeuza tuta kuwa bwawa bila kulipa viungo vya bwawa. Maji yenye kina cha mita 3 husukuma pale chini kwa nguvu ya tani 3 kwa kila mita ya mraba, usiku na mchana, na udongo wetu mwekundu wa Mathira na Murang'a, ambao kiangazi unapasuka kama mkate, ukinywa maji ya kutosha huteleza kama sabuni. Juu yake huenda kuna kichwa cha treni kinachokuja na dereva asiyeona zaidi ya pale taa yake inapofika.

Reli yetu hii ina makalvati mengi kuliko mtu anavyodhani. Ilifika Thika 1913, ikapanda polepole kupitia Murang'a, Sagana, Karatina na Kiganjo, ikakoma Nanyuki mwanzoni mwa miaka ya 1930. Sagana iko karibu mita 1,200 juu ya usawa wa bahari na Nanyuki inakaribia 2,000. Ina maana reli inapanda mlima huku ikikatana na kila mto na kila kijito kinachoshuka kutoka Mlima Kenya na Nyandarua: Sagana, Ragati, Naro Moru na vingine visivyo na jina kwenye ramani, kama kile chetu. Waliojenga barabara wanaweza kukunja kona wakikwepa bonde. Treni haikunji kona namna hiyo. Bonde likijitokeza ni ama daraja, ama tuta lenye tundu chini yake.

Mvua ina njia nyingine pia za kuisumbua treni. Chuma kikilowa, magurudumu huteleza mlimani, ndiyo maana kichwa cha treni hubeba mchanga mkavu wa kunyunyizia reli. Mikaratusi na mikima iliyopandwa karibu mno huanguka upepo ukivuma. Kokoto zikijaa tope huacha kupitisha maji, na treni ikipita mataruma hudunda na kurusha uji wa udongo. Ukungu wa Julai huficha ishara. Haya yote huchelewesha safari na kuharibu mizigo, na gengi zuri huyamudu. Linaloua ni maji yaliyokosa njia.

Wazee wa reli hawakuhitaji kuambiwa. Januari 1993, kwenye reli ya Mombasa huko Ukambani, mafuriko yalilidhoofisha daraja la mto Ngai Ndethya na treni ya abiria ikatumbukia usiku. Zaidi ya watu 100 walikufa. Jina la mto huo kwa Kikamba ni dua: Mungu nisaidie. Sisi Wakikuyu tunalielewa bila kutafsiriwa, maana nasi husema Ngai ndeithia. Guka aliposikia habari ile redioni, nimeambiwa, alizima redio na kukaa kimya jioni nzima. Tanzania nako, mafuriko ya mwishoni mwa 2009 na mwanzoni mwa 2010 ya mto Mkondoa yaliisomba Reli ya Kati upande wa Kilosa, na treni za abiria zikasimama kwa miezi.

Na wasidhani wasomaji kwamba haya ni ya nchi maskini. Tarehe 12 Agosti 2020, karibu na Stonehaven huko Uskoti, mvua kubwa ya asubuhi ilisukuma changarawe kutoka kwenye mtaro hadi juu ya reli. Treni iliyokuwa inakwenda kasi ya karibu kilomita 117 kwa saa ilizigonga ikaacha njia. Walikufa watu watatu: dereva, mhudumu wa treni na abiria mmoja. Wachunguzi wakagundua kwamba mtaro ule, uliojengwa chini ya miaka 10 kabla, haukuwa umejengwa kama mchoro ulivyotaka, na tangu umalizike haukuwa umekaguliwa ipasavyo. Mwaka 2023 mahakama iliwatoza wasimamizi wa reli faini ya pauni milioni 6.7. Uingereza, nchi iliyotufundisha reli, ilishindwa na mtaro. Nalitaja hili kwa sababu kila baada ya mafuriko nasikia watu wakisema tunahitaji mitambo, setilaiti, kompyuta. Vitu vizuri hivyo, sivikatai. Lakini hakuna setilaiti itakayoinama mdomoni pa kalvati.

Kwetu treni ilirudi. Mwaka 2020 Shirika la Reli la Kenya, pamoja na vijana wa Huduma ya Vijana kwa Taifa (NYS) na wanajeshi, waliifufua njia hii ya Nanyuki baada ya miaka ya vichaka, na Desemba ile abiria wakapanda tena. Nilisimama Karatina nikaitazama ikipita. Wanawake walipiga vigelegele, watoto ambao hawakuwahi kuiona treni walikimbia nayo sambamba. Nilifurahi kama wengine, na moyo ukanipiga kwa woga, kwa sababu nilijua ni vitu vingapi vimeota pembezoni wakati tulipodhani imekufa. Njia ya treni ikilala miaka mingi watu hujenga, hupanda, huchimba mchanga, huchukua kokoto za kusakafia ua. Treni inarudi kwa siku moja. Mazoea ya watu hayaondoki kwa siku moja.

Wahenga walituambia usipoziba ufa utajenga ukuta. Reli inatutaka kinyume chake, tuzibue. Na kuzibua ni kazi isiyo na sifa. Mtu anayejenga daraja jipya hukatiwa utepe. Mtu anayetoa mabua ya mahindi kwenye tundu la maji mwezi wa Februari, jua likiwa kali, anaonekana hana kazi ya maana. Mvua ikija na kupita salama, hakuna atakayejua kwamba yeye ndiye aliyeokoa kijiji, kwa sababu hakuna kilichotokea. Nadhani ndiyo maana kazi hii huachwa kwanza fedha zikipungua, na ndiyo maana nimeamua kuandika habari ya kijito kisicho na jina.

Guka alinifundisha mambo mengine usiku ule na siku zilizofuata, na sitaki yazikwe naye. Alisema ukiona reli inaning'inia, usibaki pale ukishangaa ufa. Ufa hauendi popote, treni ndiyo inayokuja. Kimbia kuelekea inakotokea, kadiri utakavyoweza, kilomita nzima kama pumzi inaruhusu, maana treni iliyobeba mzigo haisimami kama matatu. Kama una kitambaa chekundu, vizuri. Kama huna, vua shati upunge kwa nguvu, au tochi usiku, kulia na kushoto bila kukoma. Dereva wa reli amefundishwa kwamba kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu ni amri ya kusimama. Kama kuna treni zinazotoka pande mbili, tuma mwingine upande wa pili. Halafu mpigieni simu yeyote wa stesheni, chifu, polisi, hata saa nane usiku.

Alisema pia kijito kinachopungua wakati mvua inaongezeka ni sababu tosha ya kuhama usiku uleule, pasipo kwenda kwanza kuthibitisha. Vivyo hivyo ufa mpya mrefu ubavuni mwa tuta, au miti iliyosimama wima jana na leo imeinama upande mmoja. Ukihama bure utakuwa umelowa tu. Nguo hukauka.

Yeye alikufa miaka michache baadaye, wakati wa kiangazi. Baba mdogo ndiye aliyechimba kaburi, na kabla ya mazishi alipotea kwa saa mbili, tukamtafuta. Alikuwa kwenye reli. Alikuwa ameng'oa kila mzizi wa nduma uliobaki na kuurusha mbali, mikono imechubuka, tope hadi magotini katika suti yake ya mazishi.

Februari iliyopita nilikwenda nyumbani. Treni hupita siku hizi na tuta limeshonwa upya kwa mawe. Baba mdogo naye sasa ni guka, nywele nyeupe, anatembea kwa fimbo. Alinikuta nikinywa chai akaniambia tushuke. Alimwita mjukuu wake wa miaka saba, wakatangulia mbele yangu kwenye kijia chenye vumbi, fimbo na jembe dogo. Mtoto alifika wa kwanza. Akapiga magoti kwenye mchanga mkavu, akaingiza kichwa kwenye mdomo wa kalvati.

"Waona nini?"

Sauti yake ilirudi imevimba, kama inatoka ndani ya mtungi. "Naona jua, Guka. Na miguu ya kuku."

Baba mdogo hakuitikia upesi. Aliinama naye, taratibu, mkono mmoja kwenye fimbo na mwingine ukutani, achungulie mwenyewe.